Reli ya Uvinza–Musongati: moto unaounganisha chuma, na swali la fundi

Mwezi Agosti 2025 liliwekwa jiwe la msingi la reli ya kisasa itakayotoka Uvinza, magharibi mwa Tanzania, hadi Musongati, kusini mashariki mwa Burundi. Reli hiyo itakuwa na urefu wa takriban kilomita 282, ukijumlisha njia za pembeni katika stesheni, na sehemu yake ya njia kuu iliyo ndani ya Burundi ni takriban kilomita 84. Itakapokamilika, itakuwa reli ya kwanza kabisa katika ardhi ya nchi yetu.

Tangu siku hiyo, mazungumzo mengi yamehusu fedha na madini. Umezungumzwa mkataba wa takriban dola za Marekani bilioni 2.15 uliotiwa saini Januari 2025 na kampuni za Kichina. Umezungumzwa mchango wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ikazungumzwa nikeli ya Musongati, na unafuu ambao wafanyabiashara wanautarajia katika usafirishaji wa shehena hadi bandari ya Dar es Salaam. Hayo ni mambo mazito na yanastahili kujadiliwa. Hata hivyo, liko jambo moja ambalo halijapewa nafasi yake, labda kwa sababu ya udogo wake. Nalo ni kiungo kati ya kipande kimoja cha reli na kingine.

Reli hutoka kiwandani vipande vipande, na lazima viunganishwe njiani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo siku hizi hufanywa na mashine za umeme. Lakini kila mahali ambapo mashine haifiki, na kila mara reli inapokatika na kuhitaji kutengenezwa, dunia nzima bado hutegemea mbinu yenye umri wa zaidi ya miaka 120, yaani kuchomelea kwa themiti. Ni kazi ya mikono. Ubora wake haununuliwi pamoja na reli, bali huja na fundi. Kwa nchi ambayo haijawahi kuwa na reli, na kwa hiyo haijawahi kuwa na mafundi wa reli, hilo ni swali la usalama na la uchumi pia.

Moto usiohitaji hewa

Ili kuelewa themiti, yafaa kuanza na ujuzi ambao eneo letu la Maziwa Makuu limekuwa nao tangu zamani. Chuma hakipatikani ardhini kikiwa safi. Hupatikana katika mawe, kikiwa kimeshikamana na oksijeni, na hata kutu tunayoiona juu ya jembe la zamani ni chuma kilichorudia hali hiyo. Kazi ya mhunzi wa kuyeyusha ni kukiachanisha chuma na oksijeni yake. Wahunzi wa kale walifanya hivyo kwa makaa ya miti na mivukuto: kaboni iliyomo katika makaa, ikipata joto la kutosha, huinyang'anya madini ile oksijeni na kukiacha chuma peke yake. Utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery, uliochapishwa mwaka 1978, ulionyesha kwamba katika nchi ya Wahaya, huko Kagera, ujuzi huo ulikuwa umefikia kiwango cha juu sana tangu kama miaka 2,000 iliyopita.

Mwishoni mwa karne ya 19, mkemia wa Kijerumani Hans Goldschmidt alikuwa na tatizo jingine. Alitaka kupata metali kama kromi na manganisi zikiwa safi, bila kaboni ndani yake, na makaa daima huacha kaboni. Alitumia wazo kwamba alumini inaipenda oksijeni kuliko chuma kinavyoipenda. Unga wa alumini ukichanganywa na oksidi ya chuma, kisha ukapata joto kali la kuanzia, alumini huichukua oksijeni kwa nguvu na kukiacha chuma kikiwa kimeyeyuka. Goldschmidt alipata hataza ya mbinu hiyo mwaka 1895, na bidhaa ikaja kujulikana kwa jina la themiti.

Zipo sifa nne za mmenyuko huu zinazoufanya uwe wa manufaa, na hizo hizo ndizo zinazoufanya uogopwe.

Kwanza, ni mgumu kuwaka. Mchanganyiko wa themiti hauwaki kwa njiti ya kibiriti. Unahitaji kiwashio maalumu chenye joto kali sana. Kwa sababu hiyo unaweza kusafirishwa na kuhifadhiwa kwa usalama kuliko baruti, mradi viwashio viwekwe mbali nao.

Pili, ukishawaka hauzimiki mpaka uishe. Moto wa kuni hufa ukinyimwa hewa, lakini huu umebeba oksijeni yake ndani ya oksidi. Haufunikiki ukafa, na kuumwagia maji ni hatari kubwa, kwa kuwa maji yakikutana na chuma kilichoyeyuka hugeuka mvuke kwa ghafla na kukirusha kila upande.

Tatu, joto lake ni kubwa mno, hufikia kama nyuzi 2,500 za selsiasi. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Oksidi ya alumini inayozaliwa, ambayo ni jiwe gumu ajabu, huyeyuka kwenye nyuzi 2,072 hivi. Kwa hiyo vyote viwili huwa maji ndani ya chungu kimoja.

Nne, vimiminika hivyo viwili hujitenga vyenyewe. Chuma ni kizito karibu mara mbili ya oksidi ya alumini. Kwa hiyo chuma hushuka chini, na ile takataka, ambayo wahunzi huiita mavi ya chuma, huelea juu. Fundi akitoboa chungu kwa chini, kinachotoka kwanza ni chuma safi.

Mtu anaweza kuuliza joto hilo lote limetoka wapi, ilhali hakuna tanuri wala mkaa. Jibu lake liko katika historia ya alumini yenyewe. Kutengeneza kilo moja ya alumini kiwandani huhitaji umeme wa takriban kilowati-saa 14, na sehemu ya nishati hiyo hubaki imefungwa ndani ya metali. Themiti inapowaka, nishati hiyo hurudi kwa sekunde chache. Fundi aliye porini, mbali na nguzo yoyote ya umeme, anatumia umeme uliotumika zamani katika kiwanda cha mbali.

Kwa nini reli iunganishwe kabisa

Matumizi ya kwanza ya kibiashara ya themiti katika njia za reli yalifanyika mwaka 1899, katika mji wa Essen nchini Ujerumani, kwa ajili ya reli za tramu. Hadi leo hiyo ndiyo kazi yake kubwa duniani.

Katika reli za zamani, ncha za reli ziliachwa na nafasi ndogo kati yake, kisha zikashikwa kwa vyuma na bolti. Yeyote aliyesafiri kwa treni ya zamani ya Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, anakumbuka mlio wa gurudumu linaporuka nafasi hizo. Kwa treni ya mwendo mdogo haukuwa na neno. Lakini kila ruko ni pigo, na kila pigo hulegeza bolti, hutikisa mataruma na kukoboa ncha ya reli. Treni ikiwa nzito, au ikienda kasi, mapigo hayo huwa uharibifu.

Reli ya kisasa ya Tanzania, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi Julai mwaka huo, imesanifiwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa kwa treni za abiria. Huo ni mwendo wa zaidi ya mita 44 kwa sekunde. Kwa mwendo huo reli lazima iwe uzi mmoja usiokatika.

Hapo hujitokeza tatizo la jua. Chuma hutanuka kinapopata joto. Kilomita moja ya reli iliyoachwa huru, joto lake likipanda kwa nyuzi 30, ingerefuka kwa takriban sentimeta 35. Reli iliyounganishwa haiachwi irefuke. Hushikwa na mataruma na kokoto, na nguvu yote ya kutaka kutanuka hubaki ndani ya chuma kama mkazo. Mchana wa joto reli husukuma, na usiku wa baridi huvuta. Ndiyo maana wahandisi huchagua kwa uangalifu kiwango cha joto ambacho reli hufungwa nacho, ili isipinde wakati wa kiangazi wala isikatike wakati wa baridi. Njia inayotoka bonde la Malagarasi na kupanda hadi nyanda za juu za Burundi itapita katika hali za hewa zinazotofautiana. Kila kiungo kitavutwa na kusukumwa kila siku, kwa miaka mingi, hata siku ambazo hakuna treni.

Kazi ya saa moja

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuusimulia, lakini ni mgumu kuutenda vizuri. Mafundi huacha nafasi ya kama sentimeta mbili na nusu kati ya ncha mbili za reli. Huzilinganisha kwa rula ya chuma na kuziinua kidogo sana, kwa kuwa kiungo kitashuka kinapopoa. Huzungushia kalibu ya mchanga iliyotengenezwa kwa umbo la reli, na kuziba kila mwanya. Kisha huzipasha ncha moto kwa gesi mpaka ziwe nyekundu, ili kuondoa unyevu na ili chuma kitakachomiminwa kisipoe ghafla.

Baada ya hapo chungu huwekwa juu ya kalibu na mchanganyiko huwashwa. Mmenyuko wenyewe humalizika kwa nusu dakika hivi. Chuma hutulia, kizibo cha chini huyeyuka chenyewe, na chuma hushuka katika kalibu, kikizijaza ncha na kuyeyusha nyuso zake. Mavi ya chuma hufuata na kumwagikia pembeni katika chombo chake. Baada ya dakika chache kalibu huvunjwa, chuma cha ziada hukatwa kingali na joto, na kichwa cha reli husagwa mpaka kiwe sawa na reli ya pande zote mbili. Kazi yote huchukua kama saa moja.

Katika saa hiyo kuna mianya mingi ya kukosea. Ikiwa kalibu au mchanganyiko umeingia unyevu, mvuke na gesi huacha vishimo ndani ya chuma. Ncha zisipopashwa moto wa kutosha, chuma kipya hugandamana na cha zamani bila kushikana. Fundi akifungua kalibu mapema, kiungo hupasuka kabla hakijakomaa. Akikosea kulinganisha ncha kwa sehemu ndogo ya milimita, gurudumu litagonga pale pale maelfu ya mara.

Makosa hayo mengi hayaonekani kwa macho. Kiungo kibovu kikishasagwa hung'aa sawasawa na kizuri. Ndiyo sababu hupimwa kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio, na ndiyo sababu mashirika makini ya reli humpa kila fundi namba, ambayo hugongwa kwenye reli au kuandikwa katika daftari pamoja na tarehe, hali ya hewa na kundi la mchanganyiko uliotumika. Reli ikikatika baada ya miaka minane, lazima ijulikane nani aliiunganisha, na wapi pengine aliunganisha siku ile ile.

Ikumbukwe pia kwamba kiungo cha themiti ni chuma cha kumimina, wakati reli yenyewe imebanwa na kunyooshwa kwa mitambo mizito kiwandani. Hata kikifanywa vizuri, huwa hakistahimili uchovu wa miaka kama reli yenyewe, wala kama kiungo cha mashine ya umeme. Kwa hiyo wahandisi hutaka viwe vichache iwezekanavyo, na vikaguliwe mara nyingi zaidi.

Zaidi ya reli

Themiti haikuishia kwenye reli. Oksidi ya shaba ikichukua nafasi ya oksidi ya chuma, kinachopatikana ni shaba iliyoyeyuka. Njia hiyo hutumika kuunganisha nyaya za kutuliza umeme ardhini, ambazo mafundi huziita ethi, katika vituo vya umeme, minara ya mawasiliano na reli za umeme. Kiungo cha bolti hulegea na kushika kutu. Kilichoyeyushwa kikawa kitu kimoja hubaki hivyo kwa miongo kadhaa, na radi inapopiga huo ndio uhai wa mitambo.

Lile lengo la kwanza la Goldschmidt, la kupata metali bila kaboni, nalo bado liko hai. Kromi safi, pamoja na aloi za chuma na vanadi, titani au niobi, hutengenezwa kwa kutumia alumini kuiondoa oksijeni. Niobi kidogo ikitiwa katika chuma cha pua au cha mabomba hukiongezea nguvu kubwa, na sehemu kubwa ya niobi ya dunia hutoka Brazili ikiwa imepitia njia hiyo.

Hapa eneo letu linaguswa moja kwa moja. Kilima cha Panda, karibu na Mbeya nchini Tanzania, kina akiba ya niobi. Lueshe, katika Kivu Kaskazini nchini Kongo, ina madini ya namna hiyo pia. Chuma cha Liganga, wilayani Ludewa, kimechanganyika na vanadi na titani. Hadi sasa Afrika Mashariki haina kiwanda cha kutengeneza reli za njia kuu. Hununua reli, na hununua pia mchanganyiko wa kuziunganishia. Nchi zetu zimekalia mawe ambayo wengine huyageuza kuwa chuma bora, kisha huturudishia kwa bei yao.

Ipo pia sura ya giza. Moto usiozimika ulivutia majeshi mapema, na mabomu ya kuchoma yaliyotumia themiti yalitumika katika vita vikuu vyote viwili vya dunia. Itifaki ya tatu ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1980 kuhusu silaha fulani za kawaida imeweka mipaka ya matumizi ya silaha za kuchoma, hasa mahali penye raia. Kwa nchi inayoagiza mchanganyiko huu kwa ajili ya reli, maana yake ni kwamba ni bidhaa ya hatari inayodhibitiwa. Inahitaji kibali, ghala kavu na ulinzi, na viwashio vyake vihifadhiwe mbali nayo.

Hesabu ya viungo

Tukichukua mfano wa reli za urefu wa mita 25 kila moja, kilomita moja ya njia ina viungo 80, kwa kuwa reli ziko mbili. Kwa kilomita 282, hivyo ni viungo zaidi ya 22,000. Tuseme vingi vyake vimeunganishwa kwa mashine, mpaka ukapatikana uzi wa mita 500, halafu ncha za nyuzi hizo zikaunganishwa kwa themiti. Hapo vitabaki viungo vya themiti zaidi ya 1,100 katika njia nzima, na zaidi ya 300 katika njia kuu ya upande wa Burundi pekee. Bado hatujahesabu mahali njia zinapogawanyika katika stesheni, ambako viungo hurundikana. Hesabu halisi itategemea namna mkandarasi atakavyofanya kazi, lakini ukubwa wa jambo unaonekana.

Hiyo ni kazi ya ujenzi, na ujenzi una mkandarasi, mhandisi mshauri na benki inayotazama. Kipimo kigumu zaidi kitakuja baada ya hapo. Mkandarasi atafunga kambi na kuondoka, na reli itabaki. Reli ikionekana ina ufa, hushikwa kwa muda kwa vyuma na treni huamriwa kupunguza mwendo. Kisha kipande kibovu hukatwa, kingine huwekwa mahali pake, na kila ncha ya kipande hicho huchomelewa. Kwa hiyo kila ufa mmoja huzaa viungo viwili vipya. Nchi isiyo na mafundi wake italazimika kuwaita wa kigeni kwa kila ufa, na kuwalipa kwa fedha za kigeni ambazo sote tunajua zilivyo adimu. Mchanganyiko nao ukikwama forodhani kwa wiki tatu, treni za nikeli zitakwenda mwendo wa kobe kwa wiki tatu.

Jirani ana nini cha kutupa

Habari njema ni kwamba ujuzi hauko mbali. Tanzania ina chuo cha reli mjini Tabora, mji ambao ni njia panda ya reli za zamani na za sasa. Kenya, ambayo reli yake ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017, ina chuo chake mjini Nairobi. Uganda nayo ilitia saini mwaka 2024 mkataba wa kujenga reli kutoka Malaba hadi Kampala. Nchi zote hizi zitahitaji mafundi wale wale, na zote zitanunua bidhaa zile zile kutoka nje. Jumuiya ya Afrika Mashariki ingeweza kuweka cheti kimoja cha fundi wa kuchomelea reli, kinachotambuliwa kutoka Mombasa hadi Musongati, na pia akiba ya pamoja ya vifaa. Kwa gharama ya mradi wa mabilioni, hilo ni jambo dogo.

Kuna pia suala la lugha, ambalo linawahusu wasikilizaji wetu wa Kiswahili kuliko wengine. Miongozo ya kazi ya mkandarasi huenda ikaja kwa Kichina au Kiingereza. Watawala wetu wataisoma kwa Kifaransa. Lakini upande wa Tanzania, mazungumzo ya mafundi njiani ni Kiswahili, na onyo la sekunde chache kabla ya chungu kufunguka halina muda wa kutafsiriwa. Kijana wa Buyenzi, Rumonge au Nyanza-Lac anayezungumza Kiswahili na Kirundi anaweza kujifunza kutoka kwa fundi wa Tabora asubuhi na kumfundisha mwenzake wa Rutana jioni. Mara nyingi Kiswahili nchini mwetu kimehesabiwa kuwa lugha ya soko na ya mtaa. Katika kazi hii kinaweza kuwa lugha ya ufundi, endapo wenye lugha watajitokeza mapema na endapo milango ya mafunzo itafunguliwa kwa uwazi.

Maswali ya kuulizwa sasa

Kwa hiyo yapo maswali ambayo wawakilishi wetu bungeni, vyombo vya habari na wananchi wa maeneo ambayo reli itapita wana haki ya kuuliza kabla chungu cha kwanza hakijawashwa. Ni mafundi wangapi wa Kirundi watakaofundishwa kuchomelea, kupima na kukagua viungo, na watafanya kazi bega kwa bega na mafundi wa mkandarasi kwa muda gani? Nani atakayekagua viungo, na je, mkaguzi huyo atakuwa huru mbele ya yule anayelipwa kwa kila kilomita iliyokamilika? Daftari la viungo, lenye namba ya kila fundi na matokeo ya kila kipimo, litakabidhiwa kwa nani siku ya makabidhiano? Vifaa vya matengenezo vitahifadhiwa wapi, na vitatosha miezi mingapi?

Maswali haya hayapingi mradi. Kwa nchi isiyo na bandari ya bahari, ambayo shehena yake hupita barabarani zaidi ya kilomita 1,500 au huvuka ziwa kutoka Kigoma, reli ni tumaini la haki. Mpango wa muda mrefu ni kuifikisha Gitega na Bujumbura, kisha Uvira na Kindu nchini Kongo, na kila hatua mbele itaongeza idadi ya viungo na hitaji la mafundi.

Fundi mzuri wa reli hafunzwi kwa wiki moja. Huhitaji kusimama kando ya aliyemtangulia katika mvua, jua na baridi ya usiku, mpaka jicho lake lijue rangi ya chuma kilichopashwa vya kutosha. Mafunzo yakianza sasa, wakati tuta la reli lingali linajengwa, Burundi inaweza kupokea reli pamoja na watu wa kuitunza. Yakisubiri siku ya uzinduzi, nchi itakuwa imepokea deni na reli, na ufunguo wa matengenezo utabaki mikononi mwa wengine.